Hesabu za shule zibandikwe ubaoni

Mhariri,

Katika ua wa shule ya msingi ya umma anakosoma mwanangu mna serikali mbili. Darasa la chekechea ni la kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kuanzia Gredi 1, mwenyewe ni Wizara ya Elimu. Mlango wa choo cha chekechea ulipong'oka, mwalimu mkuu alitutuma kwa kaunti, naye afisa wa kaunti akasema kiwanja ni cha wizara. Hadi leo watoto wa miaka minne wanajisitiri kwa gunia lililotundikwa kwa misumari miwili.

Upande wa fedha ni giza zaidi. Mgao wa serikali ni Sh1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Ni kidogo, tena huchelewa, na simwonei kijicho mwalimu mkuu anayekopa chaki dukani. Lakini ni ngapi zilizofika, na zilifika lini? Mkutanoni tulisomewa jumla mbili tu, "matumizi ya kawaida" na "ukarabati". Mama mmoja aliuliza ni ukarabati wa nini. Akaambiwa vitabu vya hesabu ni vya wakaguzi, akae chini. Papo hapo tukatangaziwa mchango mpya.

Sasa ubao wa matangazo una orodha ya watoto ambao wazazi wao hawajalipa, na wengine wamesharudishwa nyumbani. Huu ni uvunjaji wa sheria waziwazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka michango ya aina hiyo iidhinishwe na Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata ikiidhinishwa, mtoto hafukuzwi kwa kutolipa. Tumeomba kuonyeshwa idhini hiyo, hatujaiona.

Tuliiandikia ofisi ya elimu ya kaunti tukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Siku 21 zinazoruhusiwa na sheria zimepita kimya.

Bodi ya elimu ya kaunti imepewa kazi ya kufuatilia elimu kwa niaba ya serikali zote mbili, kwa hiyo haiwezi kusema jambo hili si lake. Iagize kila shule ibandike ubaoni, kila muhula, pesa zilizopokewa na tarehe zake, zilivyotumika kifungu kwa kifungu, michango iliyoidhinishwa na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Kaunti nayo ifanye vivyo hivyo kwa chekechea. Iandikwe kwa Kiswahili ambacho bibi anayelea wajukuu anaweza kukisoma. Orodha ya majina ya watoto ibanduliwe leo.

Tunaomba mwenyekiti wa bodi atujibu kupitia ukurasa huu. Asipojibu, malalamishi yetu yatafika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mzazi,
Pwani