Ngoma Zisizokuwepo Ololosokwan

Wamasai hawapigi ngoma. Anayebisha afike Ololosokwan, tarafa ya Loliondo, pale vijiji vinapopakana na Serengeti na Kenya ikiwa ng'ambo tu, awasikilize vijana wakiimba. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, anaanzisha, wenzake wanamwitikia kwa mvumo mzito utokao kooni, pumzi zinapokezana, na shanga zinagongana kila mrukaji anapotua. Ala, ikiwepo, ni pembe ya tandala, tena kwa sherehe maalumu. Sasa tazama filamu za kuutangaza utalii wa kaskazini. Mara nyingi dakika haiishi kabla ngoma hazijarindima chini ya miguu ya vijana hao hao.

Aliyezibandika ngoma hizo huandikwa mwishoni mwa filamu kuwa mtunzi wa muziki. Aliyekesha zizini na kinasa sauti, akachukua ule mvumo wa makoo, kengele za ng'ombe na upepo, kisha akavikata, akavivuta na kuvipanga kwenye kompyuta mpaka picha ikakaa sawa, huyo huitwa fundi sauti. Wa kwanza ni msanii, jina lake linaingia kwenye hakimiliki. Wa pili anapewa posho na kuagwa. Mgawanyo huo ni upuuzi, na watu wa filamu wa Dar es Salaam na Arusha wanaurudia kama vile umeshuka kutoka mbinguni.

Hoja yao naijua. Muziki, wanasema, ni noti na ala, na yanayotoka kwenye kompyuta ni vionjo tu. Tuipime kwa muziki wetu wenyewe. Kama wimbo ni lazima uandikwe ndipo uwe utunzi, basi Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarab bila kujua kusoma wala kuandika, atolewe kwenye orodha. Kama ni lazima pawe na ala, Loliondo nzima haina muziki. Kipimo kinachoangusha watu wengi kiasi hicho kimekosea chenyewe.

Wapo wanaoongeza kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Mwaka 1944 mjini Cairo, Mmisri Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akaenda kurekodi sherehe ya zaar, ile ya kupunga pepo, kisha akazichuja sauti na kuzitia mwangwi hadi pakazaliwa kitu kipya. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya majaribio ya Pierre Schaeffer mjini Paris, ambaye kwa muda mrefu vitabu vimempa sifa ya kuwa wa kwanza. Mwafrika alikuwa kazini wakati kompyuta za kutungia muziki hazijazaliwa.

Kiburi hiki cha kukataa kuziita kazi kama hizi muziki kina historia hata Hollywood. Mwaka 1956 Louis na Bebe Barron walitengeneza sauti zote za filamu ya Forbidden Planet kwa saketi walizoziunda kwa mikono yao. Kwa kuhofia ugomvi na chama cha wanamuziki, kazi yao haikuitwa muziki kwenye filamu hiyo. Ikapewa jina la kukwepa, kitu kama "toni za kielektroniki". Leo Hildur Guðnadóttir anatunga muziki wa tamthilia ya televisheni ya Chernobyl kutokana na sauti zilizorekodiwa ndani ya kinu cha nyuklia huko Lithuania, na anapewa tuzo ya Emmy ya mwaka 2019, ya utunzi. Wenzetu wamechukua zaidi ya miaka sitini kufika hapo. Sisi tunaona fahari kubaki walipoanzia.

Kwa Loliondo suala hili si la vyeo tu. Sina ugomvi na ufundi wa John Barry. Oscar aliyopewa kwa Out of Africa, filamu ya mwaka 1985, ni halali yake. Lakini fidla zile zinaitazama nchi kutoka kwenye ndege, na tangu hapo kila mwenye droni anataka fidla za namna ile. Mtazamo huo wa juu si mchezo kwa watu wanaoishi chini yake: mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti. Mwaka 2022 zikawekwa alama za mipaka kuzunguka kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, na Ololosokwan ni kati ya vijiji vilivyoguswa. Nchi inayosikika kama haina mtu huonekana haraka kuwa haina mtu. Kengele ya ng'ombe iliyovutwa hadi ikawa mvumo wa dakika mbili inamwambia mtazamaji kuna mwenye mfugo hapo, na hakuna fidla inayoweza kusema hivyo.

Nakubali si kila mwenye kompyuta ni mtunzi. Anayepakua sauti za "Afrika" zilizo tayari na kuzimwaga chini ya picha hajatunga chochote, sawa na mpiga kinanda anayezungusha kodi tatu filamu nzima (na hao Bongo Movie imewalea wengi). Utunzi ni kuchagua: sauti ipi, wakati gani, ikae muda gani, na inyamaze wapi. Singeli ilibezwa vivyo hivyo kuwa kelele za kompyuta, hadi mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyo wa studio ya Sisso na dunia ikaucheza. Mwanamuziki KMRU wa Nairobi anajenga kazi nzima kwa sauti alizorekodi mitaani, na hakuna anayemwita fundi mitambo.

Vijana wa Ololosokwan wenyewe wanaweza kuifanya kazi hii. Kijiji chao ndicho kilichopata mradi wa kijiji cha kidijitali wa UNESCO na Samsung. Ila wakishadai jina la mtunzi, wajue deni linalokuja nalo. Fundi anaweza kusema alirekodi tu. Mtunzi hawezi. Koo alilolinasa lina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtumbuizaji pia. Kwa hiyo olaranyani naye aandikwe kwenye mkataba, na alipwe kabla kompyuta haijawashwa.