Msiwaongezee Wafiwa Mzigo

Makala iliyodai kwamba kazi ya kwanza ya mchungaji baada ya maafa ni kuwaita walionusurika watubu, eti Mungu ameadhibu, haiwezi kupita bila jibu.

Tuichukue Hanang. Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa mvua ilimeguka, ikashusha tope, mawe na magogo hadi Katesh. Walikufa watu zaidi ya 80. Tope halikuchagua mlevi likamwacha mzee wa kanisa. Ni dhambi gani iliyokuwa Katesh na haiko Arusha wala Dar es Salaam?

Tena Biblia imeshamjibu mwandishi wa makala hiyo. Katika Luka 13, Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa katakata kwamba walikuwa waovu kuliko wenzao. Ndiyo, aliita watu watubu. Lakini aliwaambia wazima waliokuwa wakijadili misiba ya wengine, si mjane aliyesimama kando ya kaburi.

Na sala? Naiamini kwa moyo wote. Mchungaji aketi mkekani na mama anayesubiri mwili wa mwanawe utolewe topeni, anyamaze naye, kisha amwombee mtoto huyo kwa jina lake. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 kimya. Walipoanza kumtafutia makosa ndipo walipomkasirisha Mungu. Akishasema amina, mchungaji aulize nani hana sufuria, nani hana blanketi, na yatima wanalala kwa nani usiku huu.