Mzee Aulizwe Habari za Choo

Baba mkwe wangu ana Parkinson, na kila anayekuja kumjulia hali hapa Hai huutazama mkono wake unaotetemeka. Kliniki ni vivyo hivyo: nyoosha mikono, gusa pua, tembea mpaka mlangoni. Tumbo haliulizwi. Naye, mzee wa Kichagga mwenye heshima zake, hawezi kumtamkia mke wa mwanawe kwamba hajapata choo tangu Jumapili.

Aibu hii inatugharimu. James Parkinson, daktari aliyeueleza ugonjwa huu huko London mwaka 1817, alikwisha kutaja kufunga choo. Siku hizi inajulikana kwamba choo kinaweza kuanza kusumbua miaka mingi kabla mkono haujatetemeka, kwa kuwa ugonjwa hushika pia mishipa ya fahamu inayoendesha utumbo. Tena dawa kuu, levodopa, hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Tumbo likichelewa kusukuma, kidonge hubaki humo, mgonjwa amekakamaa kitini, na ndugu wanasema mwili umeizoea dawa.

Chakula nacho hushindana nayo, hasa protini ya nyama, maziwa na maharage. Kwetu mgonjwa hubembelezwa kwa mtori asubuhi, nyama tele, na kidonge juu yake. Nyumbani tumebadilisha: kidonge na maji, nusu saa au zaidi kabla ya kula, kisha uji usio na maziwa. Nyama imehamia jioni. Wifi zangu wamenisema kijiji kizima kwamba namnyima baba yao nyama. Anakula, tena vizuri, ila usiku.

Kwa kulainisha choo, papai na mchicha havina shida. Shida ni maji. Wazee wengi hujizuia kunywa kwa makusudi: choo kiko nje, ni cha kuchuchumaa, na mwili uliokakamaa ukishuka haupandi. Seremala alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu, na tangu hapo baba anamaliza chupa yake. Ushauri wa kumwona seremala sijausikia kliniki hata mara moja.

Dawa nyingine zinahitaji macho. Benzheksoli, inayotolewa kupunguza kutetemeka, inaweza kufunga choo zaidi. Baba aliposhikwa na kichefuchefu, duka moja la dawa lilimuuzia metoklopramidi, ambayo huzuia kazi ya dopamini kwenye ubongo, kitu kilekile alichopungukiwa. Alikakamaa kuliko mwanzo. Mwenye duka atajiwe ugonjwa kabla hajafungua kabati.

Nyumbani kwetu anayeuliza ni mwanangu wa darasa la sita. "Babu, mzigo umeshuka?" Mzee hucheka, humtukana kidogo, kisha husema kweli. Ni utani wa babu na mjukuu, na mkwe hana ruhusa nao.

Muuguzi naye hana utani na baba, lakini sare yake inamruhusu kuuliza. Basi aulize kabla hajapima presha, aandike kwenye daftari la kliniki choo cha mwisho kilikuwa lini, na kama siku tatu zimepita, mgonjwa asiondoke bila dawa ya kulainisha choo na maelezo ya namna ya kuitumia. Familia nayo iambiwe waziwazi: tumbo likivimba na mgonjwa anatapika, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama kliniki yake ni kesho.