Sahihi Iliyotangulia Kura



Tarehe 9 Desemba 2010 Bunge la Uingereza lilipiga kura juu ya karo ya vyuo vikuu. Wabunge 323 waliunga mkono ongezeko, 302 wakalikataa. Kuanzia mwaka 2012 chuo kikuu kiliruhusiwa kumtoza mwanafunzi hadi pauni 9,000 kwa mwaka, hali hapo awali kikomo kilikuwa pauni 3,290. Nje ya Bunge, vijana wa umri wenu walikuwa barabarani katika baridi kali, wakisukumana na polisi.

Hadi mwaka 1998 mwanafunzi wa nchi ile hakulipa karo ya chuo kikuu kutoka mfukoni mwake, Serikali ilimlipia. Kisha serikali ya Tony Blair ikaleta karo ya pauni 1,000. Mwaka 2004 ikaomba ruhusa ya kufikisha pauni 3,000, na katika kura kubwa ya Januari ilishinda kwa 316 dhidi ya 311. Wabunge watatu tu wangegeuka, muswada ungeanguka. Nawaambia hayo kwa ajili ya wale wanaosema kwamba kura ya mbunge mmoja si kitu.

Basi wengi wa wale walioketi Bungeni mwaka 2010 walikuwa wamesoma kwa fedha ya umma. Walivuka mto kwa daraja walilojengewa na wazee wao, nao wakaweka ushuru mzito kwa wanaokuja nyuma. Watetezi wao walijibu kwamba wanafunzi wameongezeka mno na hazina haitoshi. Jibu hilo lina uzito, siwezi kulidharau. Lakini Uskoti, iliyo katika ufalme uleule, haikuwatoza vijana wake karo hiyo. Kumbe yalikuwa mambo ya kuchagua, si ya kulazimika.

Tuwe wa haki pia. Kijana wa kule halipi mlangoni. Serikali humkopesha, naye huanza kurudisha baada ya kupata kazi: kwa sheria ile, asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 21,000 kwa mwaka, na deni lililobaki baada ya miaka 30 lilifutwa. Huku kwetu mwanafunzi asiyemaliza minervale hufukuzwa mlangoni siku ya mtihani, na mama yake huuza mbuzi. Waandamanaji walitabiri kwamba watoto wa maskini wangetoweka vyuoni. Haikuwa hivyo, idadi yao iliendelea kupanda. Waliopungua sana ni watu wazima waliokuwa wakifanya kazi na kusoma kwa muda wa ziada, ambao hakuna aliyewaandamania. Mimi niliyezoea kufundisha walimu wanaosoma huku wakilea watoto, hasara hiyo naiona kubwa kuliko zote.

Lakini lililo zito zaidi ni sahihi. Kabla ya uchaguzi wa Mei 2010, wagombea wa chama cha Liberal Democrats, pamoja na kiongozi wao Nick Clegg, walitia sahihi ahadi ya kupinga ongezeko lolote la karo. Walipigwa picha wakiwa wameshika karatasi hizo. Baadaye wakaingia serikalini pamoja na Conservatives, na mwenzao Vince Cable ndiye aliyeutetea mpango huo Bungeni akiwa waziri. Makubaliano ya serikali yaliwaruhusu wasipige kura kabisa; hata hivyo wengi wakapiga kura ya ndiyo. Wenzao 21 walikataa. Wawili kati ya hao, Jenny Willott na Mike Crockart, waliacha nafasi zao za usaidizi wa mawaziri ili wapate kukataa. Mwaka 2012 Clegg aliomba radhi hadharani kwa kutoa ahadi ile. Mwaka 2015 chama kilishuka kutoka viti 57 hadi 8, ingawa karo haikuwa sababu pekee.

Wapo wanaotamani tuige mkopo wa Waingereza. Mimi nasita. Mkopo ule hukatwa kwenye mshahara unaoandikwa na kujulikana na ofisi ya kodi. Wengi wa wahitimu wetu wanaishi kwa biashara ndogo na vibarua visivyoandikwa popote. Nani atakata asilimia 9 ya nini? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inaahidi elimu ya msingi bila malipo katika shule za Serikali, nasi tulingoja hadi Septemba 2019 ianze kutekelezwa. Juu ya chuo kikuu haikutoa ahadi kama hiyo.

Kwa hiyo, mgombea akija kuwaambia kwamba atapunguza minervale, msimpigie makofi upesi. Mwulizeni ni kiasi gani, kitatoka katika fungu lipi la bajeti, na mwalimu wa chuo atalipwa na nani. Andikeni majibu yake pamoja na tarehe, naye atie sahihi mbele yenu. Karatasi hiyo itunzwe na katibu wa kikundi, siyo na mgombea.