Wa Mwisho kwa Kutajwa
Na Mwanaidi Shekilindi

Katika ukumbi wowote wa sherehe, uwe Mbagala au Voi, vumilia mpaka lifike neno la shukrani. Mtoa shukrani atawamaliza wazazi, atawamaliza viongozi wa dini, atawataja wafadhili mmoja mmoja kwa jina na cheo. Kisha atageuza karatasi, atakohoa kidogo, na kusema: "Mwisho, lakini si kwa umuhimu..." Hapo ndipo watakapotajwa waliopika.

Kauli hiyo tumeitoa kwa Waingereza, wanaosema "last but not least", na wao wameizungusha midomoni kwa zaidi ya miaka mia nne. John Lyly aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1580. Mshairi Edmund Spenser naye akaiweka katika utenzi uliochapishwa mwaka 1595. Kwa hiyo ilipofika kwa Shakespeare ilikuwa tayari ina jasho la watu wengine, na yeye, kama kawaida yake, akaitia sumu.

Wanaoijua tamthilia ya Julius Caesar watakumbuka. Caesar ameshachomwa visu na maiti yake iko chini. Rafiki yake Antony anaingia, anawakuta wauaji mikono imelowa damu, na badala ya kupiga kelele anaomba kushikana mkono na kila mmoja wao. Anaanza na Brutus, anamfuata Cassius, anaendelea hivyo hivyo mpaka mtu wa saba, Trebonius. Huyo wa saba ndiye anayepewa kauli yetu: kwamba amekuwa wa mwisho kushikwa mkono, lakini katika mapenzi hakushika mkia. Sasa, Trebonius alikuwa na kazi gani asubuhi ile? Ndiye aliyemvuta Antony pembeni ili mauaji yafanyike bila yeye kuwapo. Wauaji wakishaondoka, Antony anabaki na maiti, anaiomba radhi kwa upole aliowaonyesha wachinjaji wale, na baada ya hapo anakwenda kwenye mazishi kuuwasha moto mji mzima wa Roma. Katika mikono yote saba hakuna hata mmoja aliokuwa akiupenda.

Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili, tafsiri iliyotoka mwaka 1963 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1969, ilimbidi apite katika mikono hiyo hiyo saba, mmoja baada ya mwingine. Mara nyingi nawaza alikuwa na sura gani mezani alipofika kwa Trebonius. Mwanasiasa yule alikuwa ameshashikana mikono na watu wengi.

Katika King Lear mambo hayakuwa mazuri zaidi. Mfalme mzee anawagawia nchi binti zake watatu, na Cordelia, kitinda mimba, anafikiwa wa mwisho. Chapa ya mwaka 1608 inamfanya baba amwambie kwamba ni wa mwisho lakini si mdogo katika mapenzi yake. Chapa ya mwaka 1623 imeligeuza neno: Cordelia ni wa mwisho, tena ndiye mdogo. Wahariri wanahangaika na tofauti hiyo mpaka leo. Lakini kwa Cordelia haikuwa na faida yoyote, maana muda mfupi baadaye baba anamkana mbele ya baraza zima. Mimi ningekuwa mpishi, ningeisikia kauli hii nikaanza kukusanya masufuria yangu.

Linalonishangaza ni kwamba hofu iliyoizaa kauli hii haikuwa na makao makubwa kwetu. Anayesema hivyo anaomba msamaha kwa kukuweka mkiani, kwa sababu kwao mkiani ni pabaya. Katika sherehe zetu mkiani ndipo pa wakubwa. Mgeni rasmi hasimami kuhutubia mpaka risala zote zisomwe. Bibi harusi haingii ukumbini watu wangali wanatafuta viti. Kwenye taarabu, mwimbaji aliyewatoa watu majumbani hapandi jukwaani saa mbili usiku. Mtamsubiri, na mtatunza wengine kwanza. Hakuna mshereheshaji aliyewahi kumwita mgeni rasmi kwa kumwambia, "Mheshimiwa, wewe ni wa mwisho lakini si kwa umuhimu." Angefukuzwa kazi kabla keki haijakatwa.

Kwa hiyo kauli hii haiwaangukii wote wanaokuja mwisho. Inawaangukia wale tu ambao msemaji mwenyewe ana shaka kidogo kama wana umuhimu. Wakubwa hawahitaji kuhakikishiwa.

Tena sisi tumeifasiri vibaya. "Mwisho lakini si kwa umuhimu", ukiisikiliza kwa makini, inaweza kumaanisha kwamba umetajwa mwisho na wala hukutajwa kwa umuhimu wowote. Anayetaka kusema kweli aseme "wa mwisho kwa kutajwa, si kwa umuhimu". Ni ndefu kidogo, lakini angalau haimtukani mtu mbele ya wakwe zake.

Hata hivyo lugha si tatizo kubwa. Tatizo ni kinachofuata baada ya kauli. Wafadhili wametajwa kwa majina matatu matatu, mpaka yule aliyeahidi mchango na hakuutoa. Waliopika wanatajwa kwa mkupuo: "kamati ya jikoni". Hakuna jina. Mama aliyekesha na moshi, akageuza pilau la watu mia tatu kwa mwiko mrefu kama kasia, hayumo hata ukumbini kusikia akishukuriwa. Yuko nyuma anasugua masufuria ya kukodi, kwa sababu kesho asubuhi mwenyewe atayataka. Vijana waliobeba viti na kusimamisha maturubai wameshaondoka. Makofi yanapigwa, lakini ni makofi ya watu wanaotafuta funguo za magari.

Nimewahi kumuuliza mshereheshaji mmoja kwa nini asiwasogeze juu. Akanijibu kwamba itifaki haimruhusu. Nikamtazama kwa muda. Itifaki ya harusi imeandikwa na nani? Inaandikwa kila wiki katika vikao vya kamati, kwenye daftari la mistari, na watu wenye njaa wanaosubiri soda. Tukubaliane basi kwamba mgeni rasmi lazima awe wa kwanza kutajwa, maana ana haraka na dereva wake hajazima gari. Kuhusu wa pili, daftari lile halijasema kitu.