Joto la Kaskazi na Haki ya Mnunuzi wa Mayai

Kila mwaka upepo wa kaskazi unapovuma na jiji la Dar es Salaam kuingia katika miezi ya joto, Desemba hadi Machi, malalamiko ya mayai husikika tena Kariakoo. Mama lishe hulalamika kwamba maganda yamekuwa mepesi na trei ya mayai 30 humfikia ikiwa na nyufa. Mfugaji mdogo aliyenunua mayai ya kutotolesha hulalamika zaidi, maana baada ya kungoja siku 21 huambulia mayai viza. Muuzaji humlaumu mfugaji, mfugaji humlaumu dereva, na hasara yote humwangukia mnyonge aliyekwisha toa fedha yake.

Yatupasa kusema wazi kwamba jambo hili si nuksi wala si husuda ya jirani. Kuku hana tezi za jasho. Joto linapopita nyuzi 30, na hewa ya pwani kuwa nzito kwa unyevu, hana njia ila kuhema kwa mdomo wazi. Kwa kuhema huko hupoteza kaboni dayoksaidi kwa wingi, hali ya damu yake hubadilika, na chokaa ya kujengea ganda hupungua. Hula kidogo pia, hivyo yai huwa dogo. Jogoo naye hasalimiki: mbegu zake hudhoofika, na nguvu yake hairudi siku ile ile joto linapopungua, bali baada ya wiki kadhaa. Ndiyo sababu mayai ya mwanzo wa masika huweza kuwa bado na kasoro, ijapokuwa mvua imekwisha kuburudisha hewa.

Vitabu vingi vya ufugaji vilivyoandikwa Ulaya hueleza majira kwa habari ya mwanga, kwa kuwa huko mchana wa miezi ya baridi ni mfupi na kuku hupunguza kutaga. Kwetu, karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, urefu wa mchana wa Juni na wa Desemba hautofautiani hata kwa saa moja. Adui wetu ni joto, na anayehangaikia taa kabla ya kuinua paa la banda amefuata ushauri wa nchi ya watu.

Hata yai lililotoka bandani likiwa zima huweza kuharibika njiani. Uhai uliomo katika yai lenye mbegu huanza kuamka joto likipita nyuzi 21 hivi. Usipopata joto kamili la nyuzi 37.5, hudhoofika na kufa. Mayai hayo yahitaji pahali pa baridi, tena yasipite wiki moja kabla ya kuatamiwa. Basi trei iliyoshinda juani tangu asubuhi hadi alasiri, katikati ya msongamano wa mikokoteni, yauzwaje kwa jina la mbegu?

Hapa ndipo insafu inapotakiwa. Siku ya 7 mayai yamulikwe, na yale maangavu yapasuliwe. Kiini chenye kidoa kidogo cheupe tu ni dalili kwamba yai halikupata mbegu, na mwenye jogoo ndiye wa kuulizwa. Pete ya damu huonyesha kwamba uhai ulikuwapo ukafa. Hapo aulizwe aliyeyahifadhi na aliyeyasafirisha, na mnunuzi naye aikague mashine yake.

Msanifu Beda Amuli alilijenga soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, kwa miavuli mikubwa ya zege iliyotoa kivuli na kupitisha hewa. Alikwisha elewa kwamba bidhaa za chakula katika jiji hili huuzwa chini ya joto. Twawataka viongozi wa masoko wawatengee wauza mayai vivuli vya namna hiyo, si vibaraza vya jua. Wafugaji wa Kibaha na Mkuranga waokote mayai mara tatu au nne kwa siku, wayasafirishe alfajiri, na kila trei iandikwe tarehe ya kutagwa. Na muuzaji amwambie mnunuzi, kabla ya kupokea fedha, kwamba mayai ya Februari hayatoi vifaranga sawa na ya Julai, na bei aiteremshe kwa kadiri hiyo.