Uji wa Mgonjwa na Barua ya Daktari

Mtu aliyeondolewa mfuko wa chakula kwa sababu ya saratani, akarejea Mzumbe baada ya upasuaji Dar es Salaam, mara nyingi hupokelewa kwa uji. Huwa mwepesi, wenye sukari nyingi, na hutolewa bakuli zima, kwa kuwa ndivyo mgonjwa atunzwavyo. Dakika kumi hadi thelathini baadaye moyo humwenda mbio, jasho humtoka, tumbo humsokota, pengine akahara. Saa moja hadi tatu baada ya kula huweza tena kutetemeka na kuishiwa nguvu, kwani sukari ya damu iliyopanda ghafla imeshuka ghafla. Nyumbani husemwa saratani imerudi, au kuna mkono wa mtu. Zahanati hupimwa malaria. Kumbe uji umemiminikia utumbo mwembamba wote kwa pamoja, kwa kuwa mfuko uliokuwa ukiuhifadhi na kuuachia kidogo kidogo haupo tena.

Kwa walio wengi, hali hiyo hutulizwa bila safari ya mbali. Ale milo midogo mitano au sita kwa siku, atafune polepole, apunguze sukari, na kila mlo uwe na maharage, njegere, yai au samaki. Maji ayanywe nusu saa kabla au baada ya kula. Magimbi na ndizi za Uluguru hazina ubaya, mradi kiasi kiwe kidogo. Kilicho kigumu zaidi ni sinia. Mahali ambapo watu hula pamoja, anayemega matonge matatu na kunawa huonekana anaringa au amekata tamaa. Naye hujilazimisha kula ili asiwaudhi. Ni heri familia ielezwe mbele yake siku ya ruhusa.

Lipo jambo jingine lisiloonekana mapema. Bila mfuko wa chakula mwili hauwezi kufyonza vitamini B12 inavyotakiwa. Ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, hivyo upungufu hujitokeza wakati watu wameshausahau upasuaji: damu hupungua, miguu hufa ganzi, mwendo huyumba. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, vinaweza kuirekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Tiba ya kawaida ni sindano ya B12 kila miezi mitatu, maisha yote kwa aliyeondolewa mfuko wote. Muuguzi wa kituo cha afya anaiweza.

Kwa nini, basi, ufuatiliaji wote ufungiwe Dar es Salaam? Treni ya umeme imefupisha safari ya Morogoro tangu 2024, lakini haijafuta nauli, malazi, wala ndugu anayeacha shamba ili kumsindikiza mgonjwa. Mtaalamu abaki na kazi yake: kumwona kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kwa nafasi zaidi hadi mwaka wa tano. Uzito, wingi wa damu, sindano na mazungumzo ya chakula vifanyike karibu na nyumbani. Wapo madaktari wanaohofu kwamba dalili za saratani kurudi zitapuuzwa huko. Hofu hiyo ina msingi, ila anayepimwa uzito kila mwezi Mzumbe ana nafasi bora ya kugundulika kuliko anayesubiri nauli. Chakula kukwama, kutapika kusikokoma, choo cheusi, macho ya manjano: hayo kila mhudumu anaweza kufundishwa kuyatilia shaka.

Kinachokosekana ni barua. Karatasi nyingi za ruhusa huandikwa kwa Kiingereza cha vifupisho, na mgonjwa huibeba ndani ya mfuko wa plastiki asijue inasema nini. Mzumbe, ambayo tangu 1953 imefunza watumishi wa serikali za mitaa uandishi wa barua na utunzaji wa majalada, ingeshangaa kuiona. Iandikwe kwa Kiswahili, nakala mbili, moja ya mgonjwa na moja ya kituo: mfuko uliondolewa wote au sehemu, sindano ya mwisho ilichomwa lini, ya pili ni lini, arudi kwa mtaalamu lini, na simu ya wodi. Bila nakala hiyo, kituo hakina namna ya kujua kwamba kinapaswa kuagiza sindano mapema.